Samadi Kwenye Tuta la Zebedayo

10 Mei 1915
Mvua tangu juzi. Mto umeingia kwenye migomba ya jirani yangu Andongwisye, na njia ya Ikolo haipitiki. Shule yangu imefungwa tangu Pasaka. Wavulana wakubwa wamekimbilia milimani wasichukuliwe kubeba mizigo ya vita, na wadogo hawawezi kuvuka maji. Nimekaa ndani kama mwali, basi nimefungua daftari hili nililorudi nalo kutoka pwani nilipomaliza masomo.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Mke wangu Damari anasoma Kinyakyusa tu, kile cha kitabu cha kanisa. Yeye ni Mkisi, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, na lugha ya kwao mimi siijui. Ana chumba chake nisichoweza kuingia. Nami sasa nina changu.

12 Mei
Bibi Hedwig, muuguzi Mjerumani wa kituo chetu cha misheni, ametuita kwenye baraza ya zahanati, mimi na Zebedayo mfunga vidonda. Kabati lilikuwa wazi nyuma yake, limejaa chupa tupu. Tangu vita vianze hakuna dawa iliyofika kutoka pwani.

Akatoa kifuko cha mbegu, laini kama ugoro. Alipewa na ndugu yake kabla ya vita. Ua lake kwao huitwa kamile: jeupe pembeni, la manjano katikati. Likikaushwa na kuchemshwa, maji yake huosha macho yenye usaha, hutuliza tumbo la mtoto, husafisha kidonda.

"Nyuma ya zahanati kuna matuta mawili," alisema. "Mwalimu, lako la kulia. Zebedayo, la kushoto. Mbegu msizifukie, zinataka mwanga. Udongo mtautengeneza wenyewe, mimi udongo wa huku siujui."

Kisha likaja neno lenyewe. Boma limemwandikia kwamba njia zikikauka ofisa atakuja kuchukua wapagazi. Kituo kitaachiwa mtu mmoja wa dawa, basi. Zebedayo anafunga vidonda, lakini hana dawa ya kuviwekea. Mimi ni mwalimu asiye na shule.

"Atakayenipa maua, nitasema huyo ndiye mtu wa dawa," alisema Bibi Hedwig. "Wawili siwezi. Nimejaribu."

Waliokwenda mwaka jana upande wa Karonga sijamwona hata mmoja aliyerudi na nyama mwilini.

Zebedayo alicheka. Huyu hucheka kila kitu. "Mwalimu, shika sana vitabu vyako. Wewe umezoea chaki, mzigo utakuua mapema. Mimi angalau nina mabega."

Anatoka Ikombe. Alikua pamoja na Damari. Sijui kwa nini nimeliandika hilo hapa, lakini limeshaandikwa.

15 Mei
Leo nimelilisha tuta langu. Kwetu hakuna anayeuliza udongo utengenezwe na nini. Mtu mwenye ng'ombe ana jibu nyumbani. Kila asubuhi Damari huzoa zizi na kuipeleka samadi migombani, na ndizi zetu hazina mpinzani huku chini. Nimebeba matenga mpaka shingo inaniuma. Andongwisye, mwenzangu wa rika, alinisaidia, huku akinitania.

"Bado mkeo anawatandikia ng'ombe nyasi za ziwani? Tazama hizi! Wanawake wengine wote hutandika majani makavu ya migomba. Huyu atawalaza ng'ombe wako kwenye mtumbwi."

"Kwao hukata nyasi hizo za kuchomea vyungu," nilimjibu. "Mkono umezoea."

"Mkono wa mwanamke ukizoea kitu, mwachie."

Zebedayo hana ng'ombe. Wakisi wengi hawana. Milima imewasukuma hadi majini, hakuna pa kuchungia. Tuta lake liko bondeni kidogo na linashika maji kama sahani. Alikuja na mtumbwi umejaa vigae vya vyungu vilivyopasuka, mchanga, na majivu. Akaviponda na kuvichanganya na udongo, huku watu wamesimama wanamtazama.

"Mkisi anapanda vyungu!" Andongwisye alipiga kelele.

"Vikiota mtanunua kwangu," Zebedayo alijibu, "na wewe nitakuuzia kile chenye ufa."

Damari alikuwa amemletea Bibi Hedwig ndizi. Alisimama kati ya matuta akasema neno kwa Kikisi. Zebedayo akajibu, na Damari akacheka mpaka akashika tumbo. Nyumbani nilimwuliza walisema nini.

"Mzaha wa kwetu tu. Kwa Kinyakyusa hauchekeshi."

"Jaribu."

Akajaribu. Kweli haukuchekesha.

21 Mei
Mvua. Nimetengeneza jembe.

30 Mei
Mbegu zangu zimeota, tuta zima la kijani. Za Zebedayo ni chache, kama nywele za mzee. Nililala vizuri.

9 Juni
Mvua imekatika. Maua yangu yanafika katikati ya muundi, majani mazito, rangi nzuri. Watu wanatoka kanisani wanapita kuyatazama. Mzee mmoja alinishukuru, "Ndaga, Mwalimu, umeyalisha." Ndiyo, nimeyalisha. Baba yangu alikuwa akisema mgomba haumfichi mvivu.

Damari alitazama tuta langu akasema ni zuri. Kisha akatazama la kushoto muda mrefu zaidi. Labda ni kwa huruma.

17 Juni
Mwera unavuma kutoka ziwani, baridi asubuhi. Damari ameniuliza kwa nini nakwenda kwenye tuta mara nyingi kuliko kwenye mpunga wetu unaongoja kuvunwa. Nikamwambia mpunga hautaniokoa na upagazi.

"Na Zebedayo je?" aliuliza. "Yeye ataokolewa na nini?"

Mwanamke akiambiwa habari ya mumewe, kwa nini jibu lake liwe jina la mwanamume mwingine?

27 Juni
Tuta la Zebedayo limetoa vichwa vya maua. Vidogo, vimefunga bado, lakini vimejaa kila shina. Mashina yenyewe ni membamba, majani haba, unauona udongo mwekundu wa vigae katikati yake.

Langu halina hata kimoja. Majani tu, na sasa yamelala chini kwa uzito wake, na ndani yake mna uvundo.

Bibi Hedwig aliinama akafunua majani yangu kwa kidole. "Mwalimu, umenipandia mboga," alisema. Hakusema kwa ubaya. Zebedayo alikuwa nyuma yake ameshika ndoo.

"Tuyapike, Bibi?" aliuliza. "Mwalimu atuletee na ugali."

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka. Ilinibidi.

28 Juni
Nimeketi nikafikiri kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Mgomba hutaka kushiba. Ua hili, likishiba, halioni haja ya kuzaa, linanenepa tu. Linatoa maua likiwa na njaa kidogo na miguu mikavu. Samadi yangu, fahari yangu yote, ndiyo iliyoliharibu. Na Zebedayo hakujua hilo kuliko mimi. Nilimwuliza waziwazi kwa nini alitia vigae.

"Sina ng'ombe, Mwalimu. Nilitupa nilichokuwa nacho. Ungenipa samadi ningetia samadi."

Amebahatika. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi.

29 Juni
Nimeng'oa yote. Nimezoa samadi nikairudisha migombani, nimeleta mchanga wa mtoni na majivu ya jikoni, na Bibi Hedwig amenipa mbegu zilizobaki. Nimechelewa sana. Damari alisimama ananitazama.

"Mwombe Zebedayo vigae. Atakupa."

"Sitamwomba kitu."

"Vigae tu, Mwalimu. Hata barabarani vipo."

"Nimesema sitamwomba."

Aliingia ndani. Huniita Mwalimu kila siku, lakini leo lilikuwa kama jina la mtu wa mbali.

4 Julai, Jumapili
Sina budi kuandika haya yote kwa mpangilio, maana kichwani hayakai.

Zebedayo huenda kwao Ikombe kwa mtumbwi kila Jumamosi na kurudi Jumatatu. Siku hizo Bibi Hedwig huniomba nimwagilie matuta yote mawili. Leo, nikimwagilia la kushoto, maji yalifunua kigae kikubwa kuliko vingine. Nikakiokota. Kilikuwa na alama: kucha tatu zimebonyezwa pamoja, na chini yake mstari wa mawimbi. Kisha kucha tatu tena.

Naijua alama hiyo. Iko kwenye chungu alichokuja nacho Damari alipoolewa, kile tunachopikia samaki. Ninaiona kila jioni moto ukiwaka. Siku zile za mwanzo nilimwuliza, akaniambia kwamba kila mfinyanzi wa Ikombe ana mkono wake, na mtu akiokota kigae ziwani anajua ni cha nani.

Nikafukua. Nilipata kingine, na kingine. Vyote vimepasuka karibuni, kingo bado kali, na masizi ya moto wa juzi. Vyote vina kucha tatu.

Damari hajafinyanga tangu nimwoe. Ndivyo alivyoniambia. Basi vyungu hivi vya juzi alivifinyanga wapi? Na kwa udongo wa nani? Na vilipopasuka, mbona vimefika kwenye tuta la Zebedayo, yeye anayeweza kuokota vigae hata barabarani?

Nimevirudisha vyote udongoni. Kimoja kimebaki mfukoni mwangu.

5 Julai
Wakati wa kula nilimwuliza Damari, kama kwa mazungumzo tu, kama hatamani kufinyanga tena.

"Nifinyange wapi? Udongo wa huku ni wa kupandia ndizi. Ukiuchoma unalia halafu unafunguka."

"Hata kwa siri?"

Alinitazama. "Chungu hakina siri. Moshi wake unaonekana hadi ng'ambo."

Lakini kucha zake zilikuwa na udongo. Anasema alikuwa akisiriba sakafu. Sakafu imesiribwa kweli. Mtu mwenye akili hawezi kufanya mambo mawili kwa siku moja?

6 Julai
Mwera mkali. Sikufanya kitu.

8 Julai
Maua ya Zebedayo yanaanza kufunguka. Tuta zima kama limenyunyiziwa chumvi. Bibi Hedwig amemwambia aandae machekecheo ya kukaushia. Yangu yameota kwa kimo cha ukucha.

Wanawake wanaoleta watoto wenye macho mabaya wanamsalimu yeye kwanza. "Ugonile, Zebedayo!" Kisha mimi, kama mtu anayekumbuka mwavuli wake.

10 Julai
Damari aliomba ruhusa kwenda Ikombe kumwona mama yake, kwa mtumbwi wa Zebedayo, arudi naye Jumatatu.

"Utakwenda na mimi siku nyingine," nilisema.

"Wewe utakwenda kufanya nini kwa mama? Mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata kumtazama usoni humtazami. Tangu unioe hujakanyaga kwetu. Utakaa ufukweni uhesabu mawimbi?"

"Basi hutakwenda."

Alijifunga kitambaa kichwani taratibu sana. "Kuna neno umelificha, Mwalimu. Liseme."

Kigae kilikuwa mfukoni. Ningekitoa tu, ningekiweka mezani. Lakini nilitaka aseme yeye mwenyewe kwanza bila kuonyeshwa. Nikakiacha mfukoni, na Zebedayo akaondoka peke yake akiimba. Sauti yake ilisikika mpaka mtumbwi ulipozunguka mwamba.

11 Julai, Jumapili
Watu wote walikuwa ibadani. Nilisema tumbo linaniuma.

Nilizoa zizini samadi mbichi ya leo, pamoja na mkojo, na kuibeba kwa ndoo. Nikaimwaga kwenye tuta la kushoto, katikati ya mashina, polepole, bila kuvunja hata ua moja. Kisha nikaichanganya na udongo wa juu ionekane ya kawaida. Jua lilikuwa kali. Kanisani walikuwa wanaimba.

Sikuiba. Sikung'oa. Sikukata. Hakuna mtu katika nchi hii atakayemshtaki jirani kwa kumpa samadi. Nikiulizwa nitasema nimemsaidia.

Nimeosha ndoo, nikaja kuyaandika haya.

13 Julai
Hakuna mabadiliko. Nilianza kufikiri haitafanya kazi. Nilifurahi au nilihuzunika? Sijui.

16 Julai
Majani ya Zebedayo yameungua ncha. Maua yaliyokuwa wazi yameinama.

18 Julai
Mashina yamekuwa ya kahawia chini. Zebedayo hakwenda kwao wiki hii. Alipiga magoti akachimba kwa vidole, akainua udongo.

"Nani kanipa zawadi?" aliuliza, akacheka, akatutazama mmoja mmoja. Tulikuwa mimi, Andongwisye na Damari. "Jamani, mtu kanihurumia kwa kukosa ng'ombe."

"Umeanza kuota pembe," alisema Andongwisye.

Zebedayo aliutazama udongo mkononi mwake. Ni mara ya kwanza namwona anatafuta neno la mzaha na kulikosa. Akaanza kukwangua samadi kwa kigae, lakini mizizi ilikuwa imekwisha kuungua.

Damari alichuchumaa. Akachukua bonge la udongo ule, akalivunja kwa vidole, akatazama ndani yake. Akalinusa. Kisha akalirudisha chini, akanawa mikono kwenye ndoo yangu, akaenda nyumbani.

25 Julai
Maua yangu yametoa vichwa.

2 Agosti
Yamefunguka. Madogo, mengi, na yana harufu kama ya tunda nisilolijua jina. Bibi Hedwig alichuma la kwanza akalishika puani muda mrefu. Nadhani alikuwa akilia, lakini Wazungu hulia kwa pua.

"Umejifunza, Mwalimu," alisema.

Tuta la kushoto lina vijiti vikavu na wingu la mbu wa ziwani.

9 Agosti
Tumekausha machekecheo mawili. Tumeosha macho ya mtoto wa Andongwisye, asubuhi yalifunguka. Mama yake alinishika mikono yote miwili, "Ndaga fijo, ndaga fijo." Zebedayo ndiye aliyeshika kichwa cha mtoto nikiosha. Ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Damari. Alisema vizuri. Amepika samaki kwenye sufuria ya bati. Chungu chenye kucha tatu amekiweka juu ya dari.

14 Agosti
Njia zimekauka. Wanasema ofisa yuko Ikolo.

19 Agosti
Walikuja asubuhi, ofisa mmoja na askari wake, na kamba ndefu ya watu waliokwisha kuchukuliwa. Wanaume wa kituo tulipangwa mbele ya kanisa. Bibi Hedwig alizungumza na ofisa kwa Kijerumani. Alinyoosha mkono kwangu. Ofisa alinitazama miguu, akatazama chekecheo la maua, akasema neno fupi. Askari akanisukuma pembeni, upande wa wanawake.

Kisha wakamchukua Zebedayo, na Andongwisye, na wengine ambao sitawaandika.

Andongwisye hakutania. Mkewe alimfungia ndizi mbivu kwenye kitambaa.

Zebedayo alipita karibu nami. Nilijua lazima niseme kitu, na kitu pekee kilichokuja mdomoni kilikuwa, "Mungu akutangulie."

"Atangulie abebe nusu," alijibu. Akarudi kuwa Zebedayo yule yule. Kisha akanong'ona, "Mwalimu, vigae usivitoe kwenye tuta langu. Pale panashika maji. Panda tena, patakuja kuwa pazuri kuliko pako." Akatazama nyuma yangu alipokuwa Damari, akasema kitu kwa Kikisi. Kifupi.

Damari alifunika mdomo kwa kitambaa mpaka msafara ulipopinda kwenye migomba.

Nilikuwa nimeokoka, na nilichokuwa nikiwaza ni hicho tu: amemwambia nini?

20 Agosti
Damari hali chakula.

23 Agosti
Anakula kidogo. Hanitazami.

28 Agosti, Jumamosi
Bibi Hedwig alinituma gulioni Lyulilo kutafuta mtungi wenye kifuniko, wa kuhifadhia maua makavu. Mitumbwi ya Ikombe ilikuwa imefika, vyungu vimepangwa mchangani, wanawake wameketi nyuma yake.

Sikujua kwamba mama mkwe angekuwepo. Aliniona kabla sijamwona. Alivuta kanga usoni akageuka kando, nami nikageuka kando, kama ipasavyo. Tukasimama hivyo, migongo nusu, na kati yetu vyungu vyake.

Macho yangu hayakuwa na pa kwenda ila chini. Kucha tatu na mstari wa mawimbi. Kucha tatu na mstari wa mawimbi. Vyote, safu nzima, vipya, vina masizi bado.

Nilimwendea mwanamke wa mbali kidogo. Nikamwuliza alama ile ni ya nani.

"Ya mama yule pale. Nchi nzima inaijua."

"Binti yake je?"

"Binti hutumia mkono wa mama yake mpaka aanze kuchoma vyake. Damari alituacha kabla hajapata wake. Hujui? Wewe si ndiye uliyemchukua?" Wenzake wakacheka. "Mwambie arudi, udongo unamngoja. Na mwambieni yule Zebedayo aje azoe vigae vyake. Kila Jumapili alikuwa anakuja kwa mama huyu kuchukua vilivyopasuka. Sasa vimerundikana hadi mlangoni."

Habari za kuchukuliwa kwake zilikuwa hazijawafikia. Nilinunua mtungi. Sikumbuki kurudi nyumbani.

29 Agosti
Nimemwambia Damari.

Nilimkuta zizini, anatandika. Nilitoa kigae nikakiweka kwenye kiganja chake. Nilimwambia nilichodhani. Nilimwambia kuhusu Jumapili ile, ndoo, na kuimba kwa kanisa. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Alikigeuza kigae. "Hiki alikipasua mama kwa kuharakisha moto. Yeye huharakisha siku zote." Kisha akasema, "Kuhusu samadi nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

Akainua konzi ya matandiko chini ya ng'ombe. Nyasi za ziwani, zimekatwakatwa. "Nani mwingine huku anawatandikia ng'ombe nyasi hizi? Nilizikata kwa mkono wangu. Nilipovunja lile bonge nilizikuta ndani."

Ng'ombe alisogea. Damari akamsukuma kwa bega.

"Zebedayo alinitaka kabla yako," alisema. "Nikamkataa. Akacheka, akasema basi nitakuwa kaka yako, na amekuwa kaka. Ungeuliza ningekwambia. Hukuuliza. Ulikuwa unaniuliza habari za udongo."

"Kwa nini hukumwambia Bibi Hedwig?"

"Ningemwambia, nani angekwenda?"

Nilizitazama nyasi mkononi mwake.

"Wewe," alisema. "Ungekwenda wewe, na miguu hii ya chaki. Nilikuwa na siku nyingi za kusema, kutoka siku ile hadi askari walipokuja. Kila asubuhi nilikuwa nazoa zizi hili nikisema, leo atasema mwenyewe, ili nisichague mimi. Hukusema. Basi nikachagua." Akakiweka kigae juu ya boriti. "Mama yake Zebedayo ana mtoto mmoja tu. Ulitaka kujua mimi nampenda nani, Mwalimu. Sasa umejua."

Nimeisubiri sentensi hiyo tangu nimwoe.

30 Agosti
Nimemwambia na Bibi Hedwig. Aliendelea kuchambua maua. Alisema msafara umekwisha kupita milimani na ofisa huchukua idadi, hasomi majina. Nikimfuata, atanichukua mimi bila kumwachia Zebedayo. Kisha akanipa chekecheo jingine nishike. Mikono yake haikunigusa.

6 Septemba
Damari alikwenda Ikombe kukaa na mama yake Zebedayo. Hakuniomba ruhusa.

11 Septemba
Amerudi leo, ameshuka mtumbwini na matenga matatu ya vigae. Amevibeba mwenyewe hadi nyuma ya zahanati. Amekwangua tuta la kushoto mpaka hakuna unyasi wa ziwani uliobaki, akaviponda vigae, akachanganya na mchanga, akanyunyiza mbegu tulizozivuna kwenye maua yangu. Nilipotaka kushika jembe alilivuta upande wake. Basi nilichota maji.

Alipomaliza alichuchumaa, mikono magotini, akaliambia tuta lile maneno machache kwa Kikisi.

Sikumwuliza amesema nini.